Utandawazi wa Kiuchumi Katika Mizani ya Sheria: Nani Anayejua Bei?

Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na aali zake na Swahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Neno utandawazi linasikika redioni, barazani, skuli na hata juu ya mimbari. Wapo wanaoliona ni neema tupu: simu, magari, watalii na bidhaa za kila namna. Wapo wanaoliona ni njama tupu dhidi ya Waislamu. Sisi tunaona kauli zote mbili zinamkosesha Muislamu jambo analolihitaji zaidi, nalo ni kuijua halali na haramu katika mali inayoingia na kutoka nyumbani kwake. Katika makala haya tutaeleza maana ya utandawazi wa kiuchumi, tutautazama kwa kanuni za Sheria, kisha tutachukua mifano inayotugusa visiwani: karafuu, mwani, mchele na nguo. Mwisho tutajibu baadhi ya maswali na kutaja yaliyo mikononi mwa familia.

1. Maana yake

Utandawazi wa kiuchumi ni hali ya masoko ya nchi mbalimbali kuunganika mpaka bei, mtaji, kazi na bidhaa za mahali pamoja zikategemea maamuzi ya mahali pengine. Mchele unaopikwa Wete umelimwa Asia. Karafuu inayoanikwa jamvini Pemba bei yake inasukumwa na mavuno ya Indonesia. Hoteli iliyojengwa ufukweni Unguja huenda ni mali ya watu wasioijua hata njia ya kwenda kijijini hapo.

Ndani ya muungano huu kuna mambo matatu yanayofaa kutenganishwa. La kwanza ni biashara ya mbali, ambayo ni kongwe. La pili ni mtaji unaohama haraka kutafuta faida, na mara nyingi unakwenda na riba. La tatu ni kanuni zinazoandikwa na wenye nguvu kuhusu nani auze nini, wapi na kwa ushuru gani. Anayehukumu mambo matatu kwa neno moja hukosea, kwani la kwanza asili yake ni halali, na mengine mawili yanahitaji kuchunguzwa moja moja.

2. Uislamu haukuikataa biashara ya mbali

Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aalaa) amewakumbusha Maquraysh katika Suratu Quraysh neema ya safari zao mbili za biashara, ya kipupwe na ya kaskazi, na akawataka wamuabudu Mola wa Nyumba ile aliyewalisha na kuwapa amani. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) mwenyewe alisafiri na bidhaa za Bibi Khadija (Radhiya Allaahu ‘anhaa) mpaka Sham kabla ya kupewa Utume. Alipohamia Madina, Abdur-Rahman bin Awf (Radhiya Allaahu ‘anhu) alipokaribishwa kugawiwa mali ya ndugu yake Answari, alishukuru na akaomba aonyeshwe soko liliko.

Sisi watu wa visiwani tusingekuwa kama tulivyo bila ya biashara hiyo. Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi ndiyo yaliyoleta tende, vitambaa na vyombo, na pamoja navyo wakaja masharifu, wanazuoni na madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi‘iy. Kwa hivyo atakayesema kwamba kununua na kuuza na watu wa mbali ni haramu kwa sababu tu ni mbali, hana dalili.

Lakini Sheria iliyohalalisha biashara imeiwekea mipaka. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, tumekatazwa kuliana mali kwa batili, ikabakia biashara ya kuridhiana. Katika Suratul-Baqarah, aya ya 275, biashara imehalalishwa na riba ikaharamishwa. Katika Suratul-Hashr, aya ya 7, tumefunzwa kwamba mali isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao. Na Nabii Shu‘ayb (‘Alayhis-salaam) alitumwa kwa watu wa Madyan, nao walikuwa watu wa biashara, akawaita kwenye tawhidi na papo hapo akawakataza kupunja vipimo. Yeyote anayedhani dini inakomea mlangoni mwa msikiti na sokoni ni dunia nyingine, akumbuke kisa hicho.

3. Kanuni ya kuwalaki wasafiri

Kati ya makatazo ya Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) katika biashara, lipo moja ambalo kwa maoni yetu ndilo linalofungua mlango wa mas-ala haya yote. Imethibiti katika Sahihi mbili, ya Al-Bukhaariy na ya Muslim, kwamba alikataza kuwalaki wasafiri wanaoleta bidhaa kabla hawajafika sokoni.

Sura yake ni hii. Mtu wa shamba au wa msafara anakuja na mali yake. Mfanyabiashara wa mjini anatoka kumpokea njiani na anamnunulia huko huko. Wamekubaliana, pesa zimetolewa, hakuna aliyeshikiwa panga. Kwa nini basi ikatazwe? Kwa sababu mmoja anaijua bei ya soko na mwingine haijui. Kuridhiana kwao kuna upungufu, kwani aliyeridhia ameridhia bila ya kujua. Na imekuja katika riwaya ya Muslim kwamba muuzaji akifika sokoni ana khiyari. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shaafi‘iy wamesema mauzo yenyewe yanasihi, ila aliyefanya hivyo kwa kujua anapata dhambi, na muuzaji akigundua kuwa amepunjwa ana haki ya kuvunja mkataba.

Tuipime kanuni hii na hali ya leo. Mkulima wa kisiwani leo ndiye yule wa msafara, lakini soko haliko tena mwendo wa siku moja. Liko Singapore, Rotterdam au Surabaya, naye hatalifikia maisha yake yote. Anayekuja kumlaki anaijua bei ya leo na huenda ya mwezi ujao, na mkulima anajua tu anachoambiwa. Hapa ndipo yalipo maradhi makubwa ya utandawazi. Bidhaa kusafiri mbali si kosa. Kosa ni pale elimu ya bei na nguvu ya kuipanga zinapobakia upande mmoja, na hasara na jasho zikabakia upande wa pili.

4. Mfano wa karafuu

Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, vilivyo Indonesia ya leo. Katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, iliyoanzishwa mwaka 1602, iliamuru mikarafuu ing’olewe katika visiwa vingi vya huko ili ibakie katika eneo dogo inalolidhibiti na bei isishuke. Watu, wengi wao Waislamu, walikatiwa miti yao kwa ajili ya hesabu zilizoandikwa Ulaya. Huo ni utandawazi kabla ya neno lenyewe kuzaliwa.

Katika karne ya 18 Wafaransa walifanikiwa kuitorosha miche mpaka Mauritius na Réunion, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan aliitilia mkazo, na kufikia mwisho wa karne hiyo Unguja na Pemba zilikuwa zikitoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia nzima. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kitovu. Na tuseme ukweli, kwani kuuficha ukweli ni khiyana: mashamba yale yalipandwa na kuchumwa kwa nguvu za watumwa. Utajiri ule ulikuwa na dhulma ndani yake, na waliodhulumu walikuwamo waliosimama nasi safu moja msikitini.

Katika karne ya 20 mnunuzi mkubwa wa karafuu akawa Indonesia, nchi ilikotoka karafuu yenyewe. Viwanda vya huko huichanganya na tumbaku kutengeneza sigara za kretek. Mchumaji wa Pemba aliyepanda juu ya mkarafuu alfajiri, akaambua makonyo usiku na kuanika mchana, hakuambiwa kwamba sehemu kubwa ya jasho lake linakwenda kuchomwa moto katika sigara. Kisha katika miaka ya 1970 Indonesia ikapanda mikarafuu kwa wingi, na miaka ya 1980 ikakaribia kujitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka vibaya. Mkulima wa Pemba hakufanya kosa lolote. Hakupunja pishi, hakuchanganya makonyo, hakuchelewa kuanika. Uamuzi ulipitishwa upande wa pili wa bahari, na yeye akaujua kwa kuona thamani ya gunia lake imepungua.

Tusiharakishe kumlaumu Muindonesia. Mkulima wa huko naye alidhulumiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiliundwa chombo kilichoongozwa na mtoto wa Rais Suharto, kikapewa ukiritimba wa kununua karafuu za wakulima wa nchi hiyo. Wakulima wengi walilipwa bei ndogo mpaka wengine wakaiacha mikarafuu yao. Ukiritimba huo ulivunjwa mwaka 1998, baada ya mgogoro mkubwa wa fedha wa Asia. Na kwetu pia, kwa miongo mingi mnunuzi alikuwa mmoja tu kwa mujibu wa sheria, na mkulima alipata sehemu ndogo ya bei ya dunia. Ndipo ulipokithiri utoroshaji wa karafuu kwenda Mombasa. Kuanzia mwaka 2011 serikali iliipandisha sana bei ya mkulima, jambo la kheri linalopasa kulindwa.

Funzo la karafuu ni kwamba dhulma ya bei haina rangi wala kabila. Aliyeifanya alikuwa Mholanzi, na pia alikuwa Muislamu mwenye shamba, na pia alikuwa mtoto wa mtawala wa nchi ya Kiislamu. Ndiyo maana tiba yake si kuwachukia watu wa mbali. Tiba ni kuirudisha haki katika mizani.

5. Mfano wa mwani

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kikaenea mpaka Pemba, na wakulima walio wengi ni kina mama. Mwani ukikaushwa husafirishwa nje, ambako hutolewa utomvu wa kugandisha unaoitwa karajinani. Utomvu huo umo katika dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya kutengenezwa na baadhi ya dawa. Yaani mama wa Jambiani anayesubiri bamvua ili ashuke pwani na kamba zake, anaweza kuununua mwani wake mwenyewe dukani ndani ya dawa ya meno bila ya kujua.

Kheri yake hatuwezi kuikana. Mwani umewapa kina mama pesa za mkononi kwa mara ya kwanza. Wapo waliosomesha watoto na waliojenga nyumba. Mke kumiliki mali yake ni haki aliyopewa na Sheria, wala mume hana ruhusa ya kuichukua bila ya ridhaa yake.

Lakini bei ya mwani mkavu imekuwa ni ndogo kulingana na kazi. Mama huinama majini saa nyingi, jua juu na chumvi chini, macho na mgongo vinaumia, kisha kilo humletea pesa ambazo mara nyingi hazitoshi kununua kilo ya mchele. Na kuna jambo la kimkataba ambalo watu hawalizingatii. Tangu mwanzo ulikuwapo mtindo wa mnunuzi kumpa mkulima kamba na vifaa kwa sharti kwamba mavuno yote amuuzie yeye tu. Ikiwa vifaa vile ni zawadi bila ya sharti, hapana tatizo. Ikiwa ni mkopo, na sharti la mkopo ni kuuza kwa mkopeshaji kwa bei anayoitaka yeye, basi jambo hilo linaingia katika kanuni mashuhuri ya mafakihi: mkopo wowote unaosharutishwa kumletea mkopeshaji manufaa ni mlango wa riba. Watu huogopa riba ya benki, nao wamekaa juu ya riba ya kamba.

Kuna na msiba wa tatu. Aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maeneo mengi kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi joto. Imebakia zaidi spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini. Joto hilo la bahari limeletwa zaidi na moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri kwa zaidi ya karne moja. Faida imebakia kwao, na hasara imefika mpaka kwenye kamba za mama asiye na hata pikipiki. Katika fiqhi ipo kanuni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na nyingine kwamba anayepata faida ya kitu ndiye anayebeba dhamana yake. Hapa mambo yamekwenda kinyume.

6. Mchele, ngano na mafuta ya kupikia

Visiwa vyetu huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mchele unaoliwa. Ni rahisi, unapatikana, na umetuzoesha kulisahau bonde la mpunga na shamba la muhogo. Lakini tazama yaliyopita. Mwaka 2007 India ilizuia kuuza nje mchele wa kawaida, na Vietnam nayo ikapunguza. Mchele wa Thailand uliokuwa chini ya dola 400 kwa tani katikati ya mwaka huo ulikaribia dola 1,000 mwaka 2008. Mwezi Februari 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano na mafuta. Tarehe 28 Aprili mwaka huo huo, mwishoni mwa Ramadhani, Indonesia ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese, na zuio likaondolewa tarehe 23 Mei. Na mwezi Julai 2023 India ilizuia tena mchele mweupe wa kawaida.

Hatusemi kwamba serikali za nchi hizo zimetenda haramu. Mtawala kuwatanguliza raia wake katika chakula ni katika wajibu wake. Tunalosema ni kwamba chungu chetu kimetegemea ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mwingine, naye akiufunga hatutakuwa na haki ya kumdai.

Na hapo ndipo wanapojitokeza wa kwetu. Habari ya zuio ikisikika tu, magunia hupotea madukani. Imethibiti katika Sahihi Muslim kwamba hafichi bidhaa kwa kungojea bei ipande ila mtu mwenye kukosea. Wanazuoni wa Kishaafi‘iy wameeleza kwamba uhodhi ulioharamishwa ni wa chakula: mtu akinunue wakati watu wanakihitaji, kisha akizuie ili kimzidishie faida. Hakuna haja ya kwenda London kumtafuta dhalimu wa utandawazi ikiwa ghala lake liko nyuma ya nyumba yetu.

7. Nguo tunazovaa

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka. Wafanyakazi zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao wanawake. Walikuwa wakishona nguo za makampuni ya Ulaya na Marekani. Siku moja kabla, nyufa zilionekana na watu wakatolewa nje. Kesho yake wakaamriwa warudi kazini. Wengi wa waliokufa walikuwa dada zetu katika imani, wanaojulikana kwa mishahara midogo kuliko karibu kila mahali.

Nguo za namna hiyo huvaliwa huko kwa muda, kisha baadhi yake hutufikia sisi kama mitumba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani viinuke. Marekani ikatishia kuzinyima nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ya ushuru. Nchi nyingine zikalegea. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Hapa linaonekana lile jambo la tatu tulilolitaja mwanzo: soko linaitwa huru, lakini mwenye nguvu ndiye anayeamua uhuru unaanzia wapi.

8. Dhulma yetu sisi wenyewe

Si uadilifu kuwahesabia wengine na kujisahau. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vikagusa unyevu chini yake. Mwenye mali akadai kuwa ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Sasa tujiulize. Nani anayeuza karafuu zisizokauka ili zizidi uzito? Nani anayechanganya makonyo? Nani anayeuza mwani wenye mchanga? Nani anayemlipa mchumaji kwa pishi iliyozidi kipimo? Nani anayemchelewesha kijana wa kazi mshahara wake, hali tumeamrishwa kumlipa mwajiriwa kabla ya jasho lake kukauka? Anayetaka mizani ya dunia inyooke, aanze na mizani iliyo mkononi mwake.

9. Maswali na majibu

Swali: Je, inafaa kununua bidhaa kutoka nchi zisizo za Kiislamu?

Jibu: Asili ni kufaa. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alifanya biashara na Mayahudi wa Madina, na alifariki ngao yake ikiwa rehani kwa mmoja wao. Kinachoharamisha ni bidhaa yenyewe kuwa haramu, au mkataba kuwa na riba, ghushi au gharari. Akijua mtu kwa yakini kwamba bidhaa fulani imeibiwa au imeporwa, haifai kuinunua. Ama shaka ya jumla haitoshi kuharamisha, bali ucha Mungu ni kuchagua kilicho safi zaidi pale inapowezekana.

Swali: Duka lilikuwa na mchele wa bei ya zamani. Bei ya soko imepanda. Je, mwenye duka akiuza kwa bei mpya amehodhi?

Jibu: Kuuza kwa bei ya soko ya siku hiyo, mali ikiwa wazi na kila anayetaka anapata, si uhodhi. Uhodhi ni kuizuia isionekane. Hata hivyo, anayewahurumia watu wa mtaa wake akaridhika na faida ndogo ana malipo kwa Mola wake.

Swali: Je, serikali inaruhusiwa kupanga bei?

Jibu: Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) aliombwa kupanga bei ilipopanda Madina, akakataa kwa kuogopa kumdhulumu mtu. Kwa hivyo asili ni kutopanga, na hiyo ndiyo kauli mashuhuri ya madhehebu yetu. Wanazuoni wengine, akiwemo Ibn Taymiyyah, wamesema kwamba pale wauzaji au wanunuzi wanapokula njama au kuhodhi, mtawala ana haki ya kuwalazimisha bei ya uadilifu. Na serikali inayojifanya mnunuzi pekee ina wajibu mzito zaidi, kwa sababu mkulima amenyimwa pa kukimbilia.

Swali: Mkulima anahitaji pesa kabla ya mavuno. Afanyeje ili aepuke riba?

Jibu: Asiuze matunda yaliyo juu ya mti kabla hayajaonekana kufaa, kwani hilo limekatazwa. Njia ya halali ni mkataba wa salam: mnunuzi analipa bei yote papo hapo, na mkulima anakuwa na deni la kiasi maalumu cha karafuu au mwani wa sifa maalumu, kwa tarehe maalumu. Mkataba uandikwe na ushuhudiwe, na bei iwe ya kuridhiana baada ya kuijua bei ya soko. Wenye mkataba maalumu wenye utata wamuendee kadhi au mwanachuoni wa karibu yao.

10. Yaliyo mikononi mwa familia

Hatuwezi kupanga bei ya dunia tukiwa barazani. Lakini yapo tunayoyaweza.

Kwanza, tujue bei. Simu ile ile inayotumika kutumia watu vichekesho inaweza kuulizia bei ya karafuu na mwani katika nchi nyingine. Kijana wa skuli amsomee mama yake bei kila kabla ya mauzo. Hiyo ni sadaka na ni kuondoa lile giza lililokatazwa kwa wasafiri wa zama zile.

Pili, tuuze kwa pamoja. Mkulima mmoja mbele ya mnunuzi ni mnyonge, na kikundi cha wakulima 30 wenye mali safi kina sauti. Ushirika wa halali, usio na riba, ni katika kusaidiana katika wema.

Tatu, tuongeze thamani hapa hapa. Wapo kina mama Unguja wanaotengeneza sabuni na mafuta ya mwani na kupata zaidi kuliko anayeuza mwani mkavu. Tuwanunulie wao kwanza.

Nne, tusiache kulima chakula. Muhogo, ndizi, viazi na mpunga wa bondeni si alama ya umasikini. Siku wengine watakapofunga bandari zao, ndivyo vitakavyosimama baina ya mtoto na njaa.

Tano, tupunguze israfu. Soko la dunia linaishi kwa kutufanya tutamani tusichokihitaji. Nyumba inayokopa ili kubadilisha makochi kila Idd imejifunga kamba yenyewe.

Sita, zaka na wakfu. Uthman bin Affan (Radhiya Allaahu ‘anhu) alikinunua kisima cha Ruma, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji, akakifanya wakfu kwa Waislamu. Mwenye uwezo leo anaweza kuweka wakfu mzani wa kijiji, chanja za kukaushia mwani, au ghala la kuhifadhia karafuu mpaka bei itengemae. Mambo madogo haya humtoa mkulima katika ulazima wa kuuza siku ile ile kwa bei yoyote.

Hitimisho

Utandawazi wa kiuchumi si kafiri wala si muumini. Ni soko lililopanuka, na soko likipanuka dhulma nayo hupata nafasi ya kujificha, kwa sababu anayedhulumu hamuoni anayedhulumiwa. Sheria yetu haikutuamrisha kulikimbia soko. Imetuamrisha kuingia nalo bei ikiwa wazi, mizani ikiwa sawa na mikono ikiwa mbali na riba. Suratul-Mutwaffifiin inaanza na onyo kwa wenye kupunja, kisha inawauliza kama hawadhani kuwa watafufuliwa. Siku hiyo bei zote zitajulikana, na mama wa mwani na mshonaji wa Dhaka watasimama pamoja na kila aliyechukua haki yao, awe wa mbali au wa jirani.

Tunamuomba Allaah aturuzuku rizki ya halali, atukinge na dhulma tunayofanyiwa na ile tunayoifanya, na azibariki bahari na ardhi zetu. Aamiin.

Wa Allaahu A‘lam.